Kila Faili na Dereva Wake

Mji wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, unaweza kuonyeshwa kwenye ramani kwa namba mbili tu: -1.85 na 34.7. Ya kwanza inakuweka karibu nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na ile alama ya kutoa ndiyo inayosema kusini. Ya pili inakuweka nyuzi 34.7 mashariki mwa Greenwich. Zibadilishe nafasi, na Mugumu inavuka Sahara yote na kutua pembezoni mwa mji wa Oujda, nchini Morocco. Tarime ukiifanyia hivyohivyo inaangukia Algeria.

Hakuna aliyekosea kuandika. Tarakimu ni zilezile. Ila watu wengi wanapotaja mahali huanza na latitudo, na ramani za simu nazo huonyesha hivyo, wakati fomati ya GeoJSON, iliyowekewa kanuni zake rasmi mwaka 2016, inataka longitudo itangulie. KML nayo ni vivyo hivyo. GPX, inayotoka kwenye vile vifaa vya mkononi vya GPS, huandika kila namba na jina lake kando, kwa hiyo huko hakuna utata. Taarifa moja, fomati tatu, na kila moja ina desturi zake. Anayezipokea bila kuzijua desturi hizo atampeleka mgonjwa, askari au gari la chanjo kusikokuwapo mtu.

Mimi ni mtu wa takwimu na ramani, nimekulia Tarime, na mafaili ya namna hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Yananijia kwa WhatsApp, kwa barua pepe, kwa flashi zilizofungwa kwenye karatasi na kupewa kondakta wa basi la kutoka Mugumu. Yanatoka kwa watu wanaozunguka na simu vijijini wakiandika majina ya vitongoji, shule, zahanati, makanisa, visima na njia za miguu. Naandika makala hii kueleza namna tulivyoyapatanisha, kwa sababu naamini jambo hili halipaswi kubaki mikononi mwa mafundi wa kompyuta peke yao.

Kwanza niseme kwa nini ramani. Mkoani Mara shule zikifungwa mwezi Desemba huanza msimu wa ukeketaji, na kwa Wakurya wazee wa koo ndio wenye kauli. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama zinazowapokea wasichana wanaokimbia, Mugumu na Butiama. Upande wa Tarime kuna kituo cha Masanga. Msichana akipiga simu usiku kutoka kitongoji asichowahi kukisikia anayepokea simu, swali la kwanza ni uko wapi, na kwa miaka mingi ramani zilizokuwapo hazikuwa na jibu: kijani kitupu, mto Mara, mpaka wa hifadhi, basi.

Pengo hilo limezibwa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea. Mradi wa Crowd2Map Tanzania ulianza mwaka 2015. Watu walioko mbali, wengi hawajawahi kukanyaga Tanzania, huchora nyumba na barabara kwa kufuata picha za setilaiti na kuziingiza kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Lakini setilaiti haioni jina. Jina la kitongoji huletwa na mkazi wake, na hapo ndipo mafaili yanapoanza kumiminika. Aliyeweka alama kwenye ramani ya simu anatuma KML. Aliyejaza fomu ya maswali kwenye simu, fomu yake hutoka ikiwa CSV. Mwenye kifaa cha GPS analeta GPX. Ofisi za umma zinatoa shapefile, au Excel ya orodha ya vijiji. OpenStreetMap ina fomati yake yenyewe.

Anayeanza kuandika programu ya kuyasoma haya huweka masharti: faili likiishia na .csv fanya hivi, likiishia na .kml fanya vile. Kwa fomati mbili hiyo inatosha. Zikifika nane na ukataka kubadilisha yoyote iwe nyingine yoyote, unahitaji njia 56, na kila fomati mpya ikija unarudi kufumua ulichokwisha kushona. Dawa yake ni rejista. Programu kuu haijui fomati hata moja. Inajua tu umbo moja la kati: mahali, sifa za mahali hapo, na mfumo wa vipimo. Kila fomati huletewa kipande chake cha programu kinachojisajili chenyewe kwa kusema: naitwa fulani, mafaili yangu yanatambulika hivi, naweza kuyasoma na kuyaleta kwenye umbo la kati, naweza pia kuyaandika kutoka umbo la kati. Ni kama mgeni anayefika kijijini na kuandikwa kwenye daftari la mtendaji: kuanzia hapo kijiji kinajua kina nani na anafanya nini, bila kila kaya kumhoji upya. Kwa fomati nane unahitaji visomaji nane na viandishi nane, kumi na sita badala ya 56, na ya tisa haigusi yoyote iliyoitangulia.

Hatukuligundua sisi jambo hili. Mwaka 1998 Mkanada Frank Warmerdam alianza kuandika GDAL, maktaba huria ya kusoma na kuandika data za ramani, na moyo wake ni rejista ya namna hiyohiyo. Vipande vinavyojisajili huitwa madereva, nasi tukalichukua jina hilo. Leo madereva wake wamezidi 200 ukijumlisha wa picha na wa michoro, na QGIS, programu ya ramani inayotumiwa bure na wapima ardhi na wanafunzi wengi wa hapa nchini, hufungua mafaili kupitia humo. GDAL ikipewa faili husoma baiti 1,024 za mwanzo mara moja, kisha huzipitisha kwa madereva mmoja baada ya mwingine ikiuliza: hili ni lako? Dereva anaruhusiwa majibu matatu: ndiyo, hapana, sijui. Hilo la tatu nalipenda sana. Programu nyingi zimeharibu data za watu kwa sababu hazikuachiwa nafasi ya kusema sijui.

Ipo rejista ya aina nyingine, isiyosoma wala kuandika chochote bali hueleza tu. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza ina PRONOM, iliyofunguliwa kwa umma mtandaoni mwaka 2004, ambako kila fomati hupewa namba yake ya kudumu. PDF toleo la 1.4, kwa mfano, ni fmt/18. Kazi yake ni kumsaidia mtunza nyaraka wa miaka hamsini ijayo ajue alichoachiwa ni kitu gani. Kwetu ilisaidia jambo moja: tulizichukua namba zake na kuzibandika kwa madereva wetu, ili mtu asituulize tena "Excel ipi?"

Kwa nini hatukutumia GDAL tu tukamaliza? Tunaitumia, ndiyo inayofanya kazi nzito chini. Lakini juu yake tuliweka rejista yetu ndogo kwa lugha ya Python, kwa sababu matatizo ya Tarime na Serengeti yana sura yake, na nitayaeleza mawili matatu kwa karibu.

La kwanza ni kutoamini mkia wa faili. Faili likipita kwenye simu tatu na makundi mawili ya WhatsApp, mkia wake unaweza kuwa umebadilishwa au umepotea kabisa. Ndiyo maana dereva huulizwa juu ya yaliyomo. Faili la shapefile huanza na namba 9994. Picha ya PNG ina herufi PNG mara baada ya baiti ya kwanza. Lakini chukua faili la Excel la siku hizi, ulifungue kwa programu inayoonyesha baiti tupu: herufi mbili za mwanzo ni PK, kifupi cha jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni fomati ya ZIP. Sasa fungua KMZ, yaani KML iliyobanwa. PK. Fungua shapefile iliyobanwa ili itumwe kirahisi. PK. Madereva watatu wote wanasema ndiyo, hili ni langu. Kwa hiyo rejista yetu ina raundi ya pili: wanaogombea faili moja wanaruhusiwa kuchungulia ndani, na kila mmoja anatafuta ushahidi wake, huyu kitabu cha Excel, yule faili la KML, huyu wa mwisho faili lenye mkia wa .shp. Asiyeupata anajitoa.

CSV iko upande wa pili kabisa. Haina alama yoyote. Ni maandishi tu yenye mkato kati ya neno na neno, na karibu maandishi yoyote yanaweza kujifanya CSV. Dereva wa CSV kwetu huulizwa mwisho, wenzake wote wakishasema hapana, na hata hapo haruhusiwi kusema ndiyo: husema sijui, kisha hutoa mistari mitano ya mwanzo ili mtu mwenye macho aithibitishe. Mstari huo mmoja wa utaratibu umetuokoa kuliko mistari mingi ya programu. CSV haisemi tarehe 03/04 ni Aprili au Machi. Haisemi kwamba 0754 ni mwanzo wa namba ya simu, na programu ya jedwali ikidhani ni hesabu huondoa sifuri. Haisemi hata herufi zake zimeandikwa kwa mfumo gani. Majina ya kata zetu yanaumia hapo. Gorong'a ya Tarime, Rung'abure na Ring'wani za Serengeti, zote zina ile alama ya ng'. Simu nyingi huiweka alama hiyo ikiwa imepinda, na faili likisomwa kwa mfumo usio wake linatoka "Gorongâ€™a". Ukitafuta Gorong'a kwenye orodha hiyo huipati, na kompyuta itakujibu kwa uhakika kabisa kwamba kata hiyo haipo.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote, na ambalo sikuliona kwenye rejista nyingine nilizozisoma, ni hili: kusoma na kuandika ni ahadi mbili, na ya kuandika lazima iambatane na orodha ya kinachopotea. GDAL yenyewe hutenganisha mambo haya mawili. Dereva wake wa faili za OpenStreetMap husoma tu, haandiki. Huo ni uungwana. Sisi tuliongeza kwamba dereva yeyote anayetaka kuandikishwa kuwa mwandishi aseme kwanza fomati yake haiwezi kubeba nini, na programu imwonyeshe mtumiaji kabla hajabonyeza kitufe.

Tulifika huko kwa sababu ya mama mmoja wa Serengeti, anayekusanya majina ya vitongoji kwa ustadi kuliko vijana wengi. Alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ramani iliyotoka haina vitongoji vyangu. Nimeviandika kimoja kimoja, nikavihakiki na wenyeviti wake. Vimekwenda wapi?"

Vilikuwa vimekwenda kwenye shapefile. Fomati hiyo huhifadhi sifa za mahali kwenye faili la dBASE, teknolojia ya miaka ya 1980, na jina la safu haliruhusiwi kuzidi herufi 10. Fomu ya yule mama ilikuwa na safu inayoitwa jina_la_kijiji na nyingine inayoitwa jina_la_kitongoji. Hesabu herufi kumi za kila moja pamoja na vistari: jina_la_ki, na jina_la_ki. Programu iliyobadilisha ilifanya inachofanya siku zote, ikaacha ya kwanza kama ilivyo na ya pili ikaipachika namba mwishoni. Ofisi moja iliyolipokea faili iliona safu mbili zinazofanana majina, ikadhani ni marudio, ikafuta moja. Kazi yote ya yule mama ya kutembea kwa miguu ikaondoka kwa kitufe kimoja, na hakuna mahali popote palipotokea onyo.

Leo dereva wetu wa shapefile hutangaza: majina ya safu yatakatwa kwenye herufi 10, na haya mawili yatagongana, chagua majina mafupi. Hutangaza pia kwamba safu ya tarehe haibebi saa. Hilo la saa linaonekana dogo mpaka ukumbuke aina ya taarifa tunazopokea. Kujua kwamba msichana alionekana kwenye njia fulani tarehe 12 Desemba hakumsaidii anayemtafuta kama kujua kwamba ilikuwa saa mbili usiku. GPX nayo ina nafasi zake maalumu za jina, maelezo, mwinuko na wakati, na safu za ziada za fomu zetu hazina pa kukaa ila kwenye kipengele cha nyongeza ambacho vifaa vingi hukipuuza. Inatangazwa hivyohivyo. Mtu akiyasoma matangazo hayo mara nyingi hubadili mawazo na kuchagua GeoPackage, ambayo ni faili moja, haikati majina, na inabeba saa.

Suala la vipimo ni zito zaidi. Shapefile si faili moja bali familia, na mmoja wa familia hiyo, mwenye mkia wa .prj, ndiye anayesema namba zilizomo ni za mfumo gani. Mtu anayetuma kwa haraka humwacha. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, wakati simu na GPS hutumia WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili kwa huku kwetu ni karibu mita 300, kaskazini na kusini. Tuliwahi kupewa mipaka ya vijiji bila .prj, tukaiweka juu ya nyumba zilizochorwa kwa setilaiti, na mstari ukapita katikati ya maboma ya watu. Msomaji wa mahali pengine anaweza kusema mita 300 si kitu. Tarime tunajua uzito wa mpaka. Koo zimepigana hapa kwa ajili ya ardhi, watu wamekufa, na Tarime na Rorya zimepewa mkoa wao wa kipolisi. Ramani inayosema nyumba ya fulani iko upande wa ukoo mwingine haipaswi kutoka kwenye kompyuta yoyote kwa kubahatisha.

Kwa hiyo dereva akikosa mfumo wa vipimo hajazi wa kudhania. Programu nyingi hujaza WGS 84 kimyakimya kwa kuwa ndio wa kawaida, na mara nyingi hupatia, na kupatia huko kwa mara nyingi ndiko kunakomfanya mtu aache kuangalia. Yetu husimama. Husema faili limesomeka lakini halina mfumo wa vipimo, linawekwa kando mpaka aliyelitoa aulizwe. Wenzangu wengine walilalamika kwamba inachelewesha kazi. Ni kweli inachelewesha, na niko radhi.

Dereva anayeandikwa sasa ni wa picha. Simu zinapopiga picha ya JPEG, nyingi hupachika ndani yake mahali ilipopigwa, kwenye sehemu isiyoonekana kwa macho. Kwa picha ya kisima au ya zahanati hiyo ni neema, tunaisoma na kuiweka kwenye ramani bila kumuuliza mtu. Kwa picha ya msichana aliyejificha kwa shangazi yake, sehemu hiyo ni hatari tupu: yeyote atakayeipata picha atampata na yeye. Hapa utaratibu wetu wa kutangaza kinachopotea unageuka. Kusoma lazima kuone namba zile, na kuandika faili la kutolewa nje lazima kuziache, tena si kwa hiari ya anayebonyeza. Dereva anajisajili akiwa na sharti: nje, bila mahali.

Anayemwandika ni binti mmoja wa Mugumu aliyemaliza chuo. Hakuhitaji kugusa mstari hata mmoja wa programu yangu. Nilimpa ukurasa mmoja wa maelezo ya rejista na faili la mfano, na kwa hilo nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Tumebaki na ubishi mmoja. Yeye anataka picha ya awali ifutwe mara tu iliyosafishwa inapoandikwa, ili isije ikavuja. Mimi nataka ya awali ibaki, imefungwa kwenye mashine moja isiyo na intaneti, kwa sababu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi likifungua kesi, mahali na saa ya picha ile ni ushahidi, na mahakama haitakubali maneno yetu kwamba taarifa hizo zilikuwapo. Anasema ushahidi unalindwa na msichana aliye hai. Ana hoja. Mpaka tutakapokubaliana, dereva wa picha kwenye rejista yetu ana alama ya kusoma tu.